Siku nne Dar na mama mgonjwa: hoteli ya kati au nyota tano?

Mwana wa Ziwa

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Naomba mawazo yenu.

Mwezi ujao namleta mama Dar kutoka Mwanza. Ana kliniki ya moyo pale JKCI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Muhimbili. Jumatatu vipimo, Alhamisi asubuhi majibu. Tunafika Jumapili jioni kwa ndege na kurudi Alhamisi usiku. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua, ngazi zikizidi tano inabidi apumzike. Ndugu tunao Mbagala na Kimara na wameshasema tufikie kwao, Mungu awabariki, lakini kutoka huko alfajiri kuwahi kliniki kutamchosha kabla hajamwona daktari. Nimeamua tulale hotelini.

Bajeti ya malazi ni milioni moja na nusu, chumba kimoja vitanda viwili. Hoteli za kati nilizoulizia Posta, Kisutu na Upanga ni kati ya laki na ishirini na laki mbili kwa usiku. Kubwa zinaanzia laki nne na nusu kwenda juu. Sijawahi kulala nyota tano. Nataka kujua ile laki tatu ya juu inanunua nini hasa, na je, kwa mgonjwa ina maana?

Kaka wa Kisutu

Mkuu pole kwa mama. Kabla ya nyota angalia ramani. Muhimbili iko Upanga, kwa hiyo kaa Upanga, Kisutu au Posta. Watu watakwambia Masaki ni kuzuri, upepo wa bahari, na kweli ni kuzuri. Daraja la Tanzanite limesaidia sana tangu 2022, unatoka Masaki unatokea Aga Khan bila kugusa daraja la zamani la Selander. Lakini saa moja asubuhi kila mwenye ofisi mjini naye anaelekea huko huko. Hoteli ya laki na nusu yenye safari ya dakika kumi kwenda Muhimbili itamfaa mama kuliko ya laki saba yenye foleni.

Mimi wageni wangu huwa nawapeleka hoteli ya Peacock, ile ya barabara ya Bibi Titi, mkabala na Mnazi Mmoja. Haina mbwembwe, lakini teksi inasimama mlangoni kabisa.

Binti Upanga

Dada yenu nina la kusema, maana nilikosea mwenyewe.

Mwaka juzi nilimleta shangazi kwa matibabu ya nyonga. Nikajiambia, huyu mama amenilea, simlazi pa kawaida. Nikalipia hoteli kubwa, jina naliacha. Mashuka meupe kama pamba, mapokezi wanaita "mama" kwa adabu, kila kitu safi. Usiku shangazi akaenda kuoga, akakaa kimya muda mrefu. Nikagonga. Nikamkuta amesimama na kanga yake kifuani, ameshika sinki kwa mikono miwili. Bafu lile lilikuwa na beseni refu la kuogea, la kujilaza, na bomba la mvua liko humo humo ndani. Ili uoge lazima unyanyue mguu uvuke ukingo wa kufika gotini. Hakuweza, na aliona haya kuniita.

Kesho yake niliwaeleza, wakatuhamishia chumba kingine bila kulipa zaidi. Kwa hilo nawashukuru. Lakini ningeuliza kwenye simu kabla, shangazi asingepatwa na aibu ile. Kwa hiyo ndugu yangu, swali la kwanza, hoteli iwe ya bei yoyote: bafu likoje? Sakafu ya kuogea iko sawa na ya chumba, au kuna kuvuka?

Mzigo wa Mbeya

Mimi nakuja Dar kila mwezi kufunga mzigo Kariakoo, nalala lodji za elfu arobaini hadi sabini. Kwangu zinatosha. Ila kwa mama usijaribu hata kama bei inavutia. Vyumba vingi vya ndani havina dirisha la kutazama nje, na mikokoteni inaanza kupita kabla ya adhana ya alfajiri. Kuna nilipolala ghorofa ya tatu, umeme ukakatika, lifti ikafa, nikashusha mabegi kwa ngazi gizani.

Dawati la Mbele

Habari zenu. Nimefanya kazi mapokezi miaka kumi na moja, kwanza hoteli ya kati hapa mjini, baadaye kubwa. Nimeacha, kwa hiyo naandika bila kumpigia debe mtu.

Kwanza nyota. Nchi za Afrika Mashariki zina vigezo vya pamoja vya kupanga hoteli daraja, kuanzia nyota moja hadi tano. Anayekagua anaangalia vitu vinavyohesabika: ukubwa wa chumba, lifti, jenereta, huduma ya chumbani, jiko na kadhalika. Nyota haikwambii kama dirisha lako liko juu ya baa. Haikwambii pia kama yule dada wa zamu ya usiku ana moyo wa kuhangaika na mgonjwa. Nimewaona wenye moyo huo kotekote.

Sasa laki tatu. Sehemu kubwa inakwenda kwenye vitu ambavyo mama hatavigusa: bwawa, mazoezi, kumbi, migahawa mitatu. Lakini kuna vitu viwili ambavyo kwa mgonjwa ni vya kweli. Kimoja ni umeme. Hoteli kubwa jenereta linabeba jengo zima, umeme ukikatika taa zinapepesa tu na lifti inaendelea. Hoteli za kati zinatofautiana sana. Kuna ambazo jenereta linabeba kila kitu, na kuna ambazo linabeba taa na feni, AC na lifti hapana. Usiulize "mna jenereta?" Wote watasema tunalo. Uliza, "umeme ukikatika, lifti na AC vinafanya kazi?"

Cha pili ni watu wa zamu. Hoteli kubwa saa tisa usiku kuna mtu macho, kuna gari, kuna anayejua kumpigia daktari. Hoteli ya kati usiku unaweza kumkuta mlinzi na kijana mmoja wa mapokezi. Kama moyo wa mama ni wa kuangaliwa kwa karibu, hilo lina thamani. Kama daktari amesema hali imetulia na ni kliniki ya kawaida, sioni sababu ya kulilipia siku nne.

Bei nayo muulize vizuri. Kuna anayekutajia bei bila VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, na VAT ya kawaida ni asilimia 18. Laki tano inageuka laki tano na tisini ukiwa umeshashusha mabegi. Sema hivi: "Hiyo ni bei ya mwisho, na kodi, na chai ya asubuhi kwa watu wawili?" Na kama bado kuna anayekutajia dola, mwambie akupe shilingi. Kanuni za 2025 zimekataza kutangaza bei za bidhaa na huduma humu nchini kwa fedha za kigeni.

La mwisho, hoteli nyingi kubwa zinazuia kiasi fulani kwenye kadi yako ukiingia, kama dhamana. Ukitumia kadi ya benki ya kawaida, hiyo hela huioni mpaka benki iirudishe, na inaweza kuchukua siku kadhaa. Mwenye bajeti ya kuhesabu kama wewe anaweza kukwama dirisha la dawa. Weka akiba ya taslimu.

Mwana wa Ziwa

Dawati la Mbele, asante sana, hili la kadi nisingelijua kabisa. Daktari wa hospitali ya Bugando, kule Mwanza, amesema hali imetulia, anataka tu vipimo vya JKCI.

Binti Upanga, nimesoma habari ya shangazi mara mbili. Mama yangu naye angekaa kimya vilevile.

Mtu wa Unguja

Mimi natofautiana kidogo na wenzangu. Baba alipokuwa akitibiwa Muhimbili tulikuwa tunashuka boti, tunalala hoteli za kati, na siku tulizoumia si za kuingia, ni za kutoka. Saa nne asubuhi unatakiwa uache chumba. Nyie Alhamisi hiyo saa nne mtakuwa bado mko benchi mnasubiri majibu, na ndege ni usiku. Mama atapumzika wapi kutwa nzima? Hapo ndipo mimi ningeweka hela.

Msafiri wa Nairobi

Habari za huko jamani. Hata kwetu Nairobi hesabu ni hiyo hiyo. Watu wanalala Westlands kwa sababu hoteli ni mpya, halafu miadi yao iko Upper Hill na asubuhi inaishia kwenye jam. Nakubaliana na huyo wa Unguja kuhusu siku ya mwisho. Mwombe wakuongezee saa za chumba. Hoteli ndogo ikiwa haijajaa huwa wanakubali kwa nusu bei, lakini omba siku unayoingia, usingoje asubuhi ya kuondoka.

Binti Upanga

Na chai! Vipimo vingine wanataka mtu hajala tangu usiku. Mama akirudi saa tano, meza ya chai imeshatolewa na mmeshailipia. Waambie usiku wamfungie mkate, yai na tunda. Niliomba hivyo hoteli ya kati, wakaniwekea na chupa ya chai ya maziwa.

Mwana wa Ziwa

Wakuu narudi na jibu. Jana nimepiga simu hoteli sita na maswali yenu kwenye karatasi: bafu, lifti na AC umeme ukikatika, bei ya mwisho, kufungiwa chai. Mbili zilijikanyaga kwenye jenereta. Moja ya Upanga, laki na sitini pamoja na kodi, kijana aliacha simu hewani akapanda chumbani kuliangalia bafu, akarudi anahema: "Kaka, hakuna kuvuka, ila sakafu ni vigae laini, nitawawekea mkeka wa mpira." Nimebuku hapo Jumapili, Jumatatu na Jumanne.

Jumatano tunahamia hoteli ya Kilimanjaro, siku hizi Hyatt, kwa usiku mmoja. Wamenithibitishia chumba chenye bafu la kusimama, na kwamba Alhamisi mabegi yatabaki kwao na mama anaweza kukaa pale chini mapokezi mpaka saa ya kwenda uwanja wa ndege. Jumla inafika kama milioni moja na laki moja. Inayobaki ni ya teksi, dawa na hiyo dhamana ya kadi.

Nimechagua pale kwa sababu moja zaidi. Nilipomtajia jina, mama alinyamaza kidogo, halafu akasema mwaka 1974 alikuja Dar na marehemu baba, wakasimama ng'ambo ya barabara upande wa maji wakilitazama lile jengo, baba akamwambia humo wanalala mawaziri. Hawakuvuka barabara. Nimeomba chumba cha upande wa bandari, aone meli zinavyoingia.

Dawati la Mbele

Umepanga vizuri, mdogo wangu. Mwambie abebe kitenge kizito na soksi. AC ya pale chini huwa kali.