Naombeni ushauri: binti yangu aende chuo na jimnastiki, au ajaribu eliti kwanza?

Mama Neema:
Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mtanzania, naishi Texas mwaka wa kumi na mbili sasa, kazi yangu ni kulea wazee zamu ya usiku. Binti yangu wa kwanza ana miaka 16, yuko darasa la kumi na moja, na anacheza jimnastiki tangu ana miaka mitano. Amefika ngazi ya 10, ile ya mwisho kabla ya eliti, ambako ndiko wanakochaguliwa wa timu ya taifa.

Chuo kimoja kikubwa kinamtaka. Ufadhili kamili: ada, chumba, chakula. Kocha wa chuo alitupigia tangu Machi. Lakini kuna kocha wa jimu nyingine, mwendo wa saa tatu kutoka kwetu, anasema mtoto ana kipaji cha eliti na tukienda chuo moja kwa moja tutakuja kujuta. Ijumaa ijayo tunatakiwa kwenda kutembelea chuo. Baba yake yuko Mwanza, kila nikimpigia ananiambia amua wewe uliye huko. Usingizi umenipaa. Eliti au chuo?

Mzee wa Kinondoni:
Mama Neema, hongera kwa malezi. Mimi nasema shule. Mpwa wangu alienda huko kwa mpira wa kikapu, mwaka wa pili goti likaisha kabisa. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa anahudhuria vipindi. Leo ni mhasibu, ana nyumba Kigamboni. Watoto wa siku hizi wanadhani mwili ni wa kudumu.

Kipepeo wa Tanga:
Mimi ningemwambia achezee Tanzania! Kaylia Nemour kazaliwa Ufaransa, akaamua kuchezea Algeria, na Paris 2024 akabeba dhahabu ya vyuma viwili, vile vya kuning'inia, kwa alama 15.700. Medali ya kwanza ya Olimpiki ya jimnastiki kwa Afrika nzima! Nilikuwa saluni siku ile, wateja walisimama na rola kichwani.

Msukuma Halisi:
Hii ndiyo sarakasi tuliyokuwa tunafanya shuleni? Mimi nilipinduka mbele ya wasichana wa darasa la tano nikaacha jino pale pale. Mama, mpeleke chuo, meno ni ghali.

Dada wa Minneapolis:
Mama Neema, wangu alicheza chuo miaka minne, kwa hiyo nisikilize kidogo. Eliti na chuo ni kama michezo miwili tofauti. Chuo bado wanahesabu kwa 10, mazoezi yanayoonyeshwa ni mafupi, lakini kuanzia Januari mpaka Aprili wanashindana karibu kila wiki. Eliti tangu 2006 alama hazina dari, kila ugumu unaouongeza unalipwa, kwa hiyo mtoto anabebeshwa magumu zaidi na anatua mara nyingi zaidi kwa siku.

Zamani ilikuwa lazima uchague. Simone Biles, bingwa wa dunia wa jimnastiki, alipoanza kulipwa 2015 aliiacha nafasi yake ya chuo cha UCLA. Tangu Julai 2021 wanachuo wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha zao, ndiyo maana Jordan Chiles wa UCLA na Jade Carey wa Oregon State wamecheza chuo na Olimpiki pia. Kwa hiyo mlango wa eliti haufungwi na chuo. Swali langu ni moja: mtoto mzima? Hana jeraha?

Mama Neema:
Asante dada. Ni uchovu wa kawaida tu, viganja vinachanika, anafunga plasta. Chaki mpaka kwenye viti vya gari. Hao wote ndivyo walivyo.

Dada wa Minneapolis:
Viganja sijauliza. Mgongo, vifundo, magoti?

Mzee wa Kinondoni:
Halafu suala la makanisa huko Texas, mtoto anasali?

Dada wa Minneapolis:
Mzee wangu, naomba kwanza Mama Neema anijibu.

Mama Neema:
Mgongo. Daktari aliona ufa mdogo kwenye mfupa wa uti, huku chini. Alimpa mkanda mgumu wa kuvaa na kumkataza kupinda nyuma kwa miezi mitatu. Alipumzika. Sasa anafanya vyuma na boriti, ule ubao mwembamba wa kusimama juu yake, sakafuni bado. Chuo hakijui, ila na wao hawajawahi kuuliza. Siwezi kwenda kumsema vibaya mtoto wangu kwa watu ambao hawajauliza. Na huyu kocha wa eliti anajua, amesema anaweza kumpangia mazoezi yasiyoumiza. Nimeshalipa dola 600 za kumwandikisha kwake. Hazirudishwi.

Nesi Mwanaidi:
Dada yangu. Ufa wa namna hiyo ni wa kawaida sana kwa wanaojipinda nyuma maelfu ya mara tangu utotoni, na wengi hupona wakipumzika. Wasipopumzika ndipo unageuka wa maisha. Umempa nafasi ya kupona halafu unampeleka kwenye mazoezi mazito kuliko aliyoumia nayo. Mimi hapo sikuelewi.

Mama Neema:
Nesi, unaongea kama mtu ambaye hajawahi kulipa jimu miaka kumi na moja kwa mshahara wa kuosha wazee. Chuo wakijua watamwacha. Eliti ilikuwa akiba yangu.

Mpekuzi:
Samahani wadau, hapa kuna harufu ya hadithi. Amesema kocha wa chuo alipiga Machi. Kwa jimnastiki makocha wa vyuo hawaruhusiwi kumpigia mtoto wala mzazi kabla ya tarehe 15 Juni baada ya darasa la kumi. Binti ndiyo kwanza yuko la kumi na moja. Machi alikuwa la kumi. Ama chuo kimevunja sheria, ama hakuna chuo, hakuna binti, na kesho tutaombwa mchango wa matibabu.

Msukuma Halisi:
Nilishaanza kumwonea huruma, kumbe tunachezewa sarakasi sisi.

Kipepeo wa Tanga:
Mama Neema, sema kitu basi.

Mama Neema:
Sitaki mchango wa mtu. Nimechanganya kwa sababu Machi ndiyo iliyo kichwani mwangu. Machi ni mwezi wa picha za mgongo. Kocha wa chuo alipiga Juni, tarehe 15 yenyewe, usiku, nikiwa naingia kazini. Alisema ameziangalia video za Neema tena na tena.

Video hizo ni za Februari.

Nimekaa na hilo tangu siku ile. Mnataka kujua kama nina binti? Anavaa soksi akiwa amelala chali kitandani, ananyanyua mguu mmoja, anapumzika, ananyanyua wa pili. Anafunga mlango nisione. Mdogo wake ndiye aliyeniambia.

Mpekuzi:
Mama, nisamehe. Nimekukosea.

Dada wa Minneapolis:
Hapo ndipo nilipotaka tufike. Kwa hiyo wanamsubiri mtoto wa Februari. Timu hizi ni ndogo. Kwa miaka mingi ufadhili kamili ulikuwa wa watu 12 tu, na kwenye utaratibu mpya wa 2025 timu haizidi 20. Daktari wao atampima siku anafika, na picha zitaonyesha. Akiwaambia leo, ni mtoto aliyeumia anayejitunza. Wakigundua wenyewe, ni mtoto aliyewaficha, na atakaa na kocha huyo miaka minne.

Na wala si lazima wamwache. Katelyn Ohashi alimshinda Simone Biles kwenye American Cup 2013, mgongo na bega vikamtoa eliti, na chuoni UCLA, Januari 2019, akapata 10 kamili sakafuni. Sunisa Lee aliugua figo 2023, akakatisha msimu wake chuoni Auburn, na akaishangaza dunia Paris mwaka uliofuata.

Nesi Mwanaidi:
Na yeye Neema anataka nini? Toka juu mpaka hapa sijaona mahali ameulizwa.

Mama Neema:
Nimemuuliza leo saa kumi jioni, kwenye gari. Hakuniangalia. Amesema, "Mama, mimi nilijua hujawaambia. Nilikuwa nasubiri uniruhusu."

Ile ya eliti hajawahi kuitaka. Ni mimi.

Mzee wa Kinondoni:
Mwanangu, dola 600 zisamehe. Nenda ukamshike mkono.

Mama Neema:
Nimeshaingia zamu, mzee wangu. Anataka kuongea na kocha mwenyewe, mimi nikae pembeni tu. Nilipokuwa natoka nyumbani alikuwa amejifungia bafuni, anajisemea maneno yake kwa sauti ya chini, akikosea anarudia mwanzo. Maji hayakuwa yanatoka. Simu ni kesho saa nne asubuhi.

Dada wa Minneapolis:
Awe na barua ya daktari mezani na tarehe zote: Machi aliona nini, lini mkanda ulivuliwa, lini alirudi kwenye boriti. Tarehe ndizo watakazouliza kwanza. Na wewe usidakie.

Kipepeo wa Tanga:
Kwetu itakuwa saa moja usiku. Naacha simu wazi, Mama Neema.

Mama Neema:
Sitadakia.