Naomba ushauri: kadenza ya koncheto ya tano ya Mozart

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada kwa wapigaji fidla na walimu wa muziki. Najiandaa kupiga koncheto ya tano ya fidla ya Mozart (muziki wa mpiga fidla mmoja akiwa na okestra), ile ya A meja, yenye namba K. 219 katika orodha ya kazi zake, aliyoimaliza Desemba 1775 akiwa na miaka 19. Naipenda mno. Okestra inaanza kwa kasi, halafu fidla inaingia taratibu kwa vipimo vichache tu, kama mtu anayewaza kwa sauti, kisha ghafla inachangamka. Na ile sehemu ya "Kituruki" mwishoni, chelo na besi zikigonga nyuzi kwa mti wa upinde badala ya nywele zake, inanisisimua kila ninapoisikia!

Shida yangu ni kadenza, yaani kile kipande ambacho mpiga fidla hupiga peke yake huku okestra imenyamaza. Za Mozart mwenyewe hazijatufikia. Wengi hupiga za Joseph Joachim, mpiga fidla wa karne ya 19, nzuri kweli, ila naziona nzito, ni za zama zake kabisa, wakati muziki huu unataka wepesi. Mwalimu wangu anasisitiza Joachim. Je, nimsikilize au niandike yangu fupi? Mliowahi kuandika, mlianzia kwenye wimbo upi wa sehemu ya kwanza? Na pale fidla inapoingia taratibu, mnagawaje upinde ili sauti isikatike?