Agizo la dharura la mwaka 2018: kwa nini 737 MAX ziliendelea kuruka?

Binti Kisauni: Ndugu zangu, naomba kueleweshwa. Ndege ya Lion Air ilianguka baharini huko Indonesia tarehe 29 Oktoba 2018 na kuua watu 189, na tarehe 7 Novemba mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, FAA, ikatoa agizo la dharura kuhusu Boeing 737 MAX. Hata hivyo, tarehe 10 Machi 2019 ndege ya aina hiyo hiyo ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikija Nairobi, ilianguka na watu wote 157 wakafariki, 32 kati yao Wakenya wenzetu. Ndege hizo ziliachwaje ziruke?

Fundi wa Hanga: Dada yangu, neno "dharura" hapa linahusu haraka ya kulitekeleza agizo, wala si lazima ndege izuiwe kuruka. Agizo lile liliwapa wenye ndege siku 3 za kuongeza maelezo katika kitabu cha mwongozo wa rubani, kwamba kihisio, yaani kifaa kinachopima pembe ya ndege dhidi ya upepo, kikitoa taarifa potofu ndege inaweza kuinamisha pua yenyewe tena na tena, na kwamba rubani azime swichi mbili za mota ya mkia, inayoinamisha au kuinua pua, kisha aurekebishe mkia kwa mkono. Mfumo wa MCAS uliokuwa ukiinamisha pua haukutajwa hata kwa jina. Kilichobadilishwa ni kitabu, mashine haikuguswa.

Rubani Mstaafu: Naomba niongezee, maana jambo hili huniuma. "Kwa mkono" ni gurudumu lililo kando ya goti la rubani, lenye kishikio cha kukunjua. Ndege ikienda kasi mno, upepo huukandamiza mkia hadi gurudumu hilo likawa zito kupita nguvu za mtu. Marubani wa Ethiopia walizima swichi kama walivyoelekezwa, lakini mkia haukurekebishika. Ndege ikaanguka dakika 6 hivi tangu iruke.

Binti Kisauni: Ahsante, mzee wangu. Je, kuna agizo lililozuia ndege moja kwa moja?

Fundi wa Hanga: Lipo. Tarehe 5 Januari 2024, kipande kilichoziba tundu la mlango wa 737-9, aina mojawapo ya MAX, ya Alaska Airlines kiling'oka angani karibu na Portland, Marekani. Kesho yake FAA iliamuru ndege 171 hivi zisiruke mpaka zikaguliwe, kazi ya saa 4 hadi 8 kwa kila moja. Wachunguzi walikuta kwamba bolti 4 za kukizuia kipande kile hazikuwa zimefungwa. Hata baada ya ajali ile ya Ethiopia mwaka 2019 zilizuiwa: China ilizizuia MAX tarehe 11 Machi, Ulaya tarehe 12, na Marekani iliyoziidhinisha ikafuata tarehe 13.