Eksirei inasema goti ni zima, lakini nikishuka mawe linaniachia. Naombeni msaada

Binti wa Mwaloni

Wakubwa shikamooni, wengine habari za leo. Naandika hapa kwa sababu nimeshazunguka kiasi cha kutosha na sina jibu. Naomba wenye uzoefu, hasa wachezaji na watu wa afya, mnisaidie mawazo.

Nina miaka 31. Nauza dagaa wa jumla pale soko la Mwaloni Kirumba, Mwanza, na jioni tatu kwa wiki nacheza netiboli, nafasi ya C, yaani mchezaji wa katikati. Netiboli nimeianza shule ya msingi kule Ukerewe na sijawahi kuiacha. Hata nilipojifungua nilirudi uwanjani mtoto akiwa na miezi saba.

Wiki tano zilizopita tulikuwa na mechi ya kirafiki kwenye uwanja wa sementi. Nikaruka kudaka pasi ya juu, nikatua kwa mguu wa kushoto peke yake. Mnaoujua mchezo mnaelewa: mguu uliotua nao ukishauinua huruhusiwi kuukanyaga tena kabla hujatoa mpira, na una sekunde 3 tu. Kiatu kikang'ang'ania sakafu, mimi huku juu nimeshageuka namtafuta GA, mshambuliaji wetu. Hakuna aliyenigusa. Nikasikia ndani ya goti "ko!" kama kijiti kikavu kinavunjwa. Aliyekuwa ananikaba anasema na yeye alisikia. Maumivu yalikuwa makali kama dakika kumi, yakapoa, nikajaribu kurudi ndani. Hatua ya tatu nikaanguka tena, goti kama si langu. Mchezo ulikuwa wa saa kumi jioni, na isha inaadhiniwa goti limejaa mpaka pia ya goti huioni.

Kesho yake nikaenda kituo kimoja cha afya. Nikapigwa eksirei, nikaambiwa mifupa iko sawa, umeteguka tu, nikapewa vidonge vya maumivu na bandeji nipumzike wiki mbili. Hakuna aliyeniuliza ilikuwaje, wala aliyelishika goti zaidi ya kulibonyeza juu juu. Baadaye jirani akanipeleka kwa mama mmoja anayechua. Alinikanda kwa maji ya moto na mafuta, nikalia kama mtoto, na usiku ule uvimbe ukarudi upya.

Sasa hivi nikitembea barabara tambarare siumwi kabisa. Ndiyo maana watu wananiona naigiza. Lakini nakaa Mabatini kule juu kwenye mawe, na kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu ni kupanda na kushuka. Ijumaa nilikuwa nashuka na mtoto mgongoni. Pale kwenye jiwe kubwa ambapo inabidi ujigeuze kidogo ndipo mguu ufike chini, goti likachomoka, likarudi. Nikakaa palepale juu ya jiwe, mikono yote miwili nimerudisha nyuma nimemshika mtoto. Nilikaa muda mrefu. Siyo kwamba niliumia, nilikuwa naogopa kusimama.

Maswali yangu: kama eksirei ni safi, mbona goti linacheza? Nimwone nani? MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya goti, ni laki kadhaa, niifanye au ni kutupa mtaji wa dagaa? Na kocha anataka nirudi mwezi ujao.

Beki Tatu wa Igoma

Pole sana dada. Nimesoma nikasisimka, maana hiyo "ko" naijua.

Mimi yangu ilikuwa mpira wa miguu. Nilikuwa namfuata winga, nikafunga breki nigeuke naye, goti likabaki. Eksirei safi kama yako. Nilipumzika mwezi, uvimbe ukaisha, nikavaa ngozi ya goti ya dukani nikarudi kucheza, na nilicheza hivyo karibu miaka miwili. Kila baada ya mechi tatu nne linaniachia, linajaa, napumzika, narudi. Kila hospitali niliyokwenda nilisema sentensi moja: "Daktari, goti linauma." Basi nao wakatibu maumivu, maana ndicho nilichowaambia. Siwalaumu sana.

Siku moja nimechuchumaa nafunga kamba za viatu, nikashindwa kuunyoosha mguu. Goti limeloki kabisa, limekwama kwenye kona. Daktari wa mifupa ndiye wa kwanza kuniuliza, "Mara ya kwanza kabisa ilitokeaje? Nionyeshe." Nikamwonyesha kwa mguu mzima jinsi nilivyogeuka. Akasema hata kabla ya kunishika tayari anajua aanzie wapi. Kumbe ACL, ile kamba ya ndani inayofunga goti, ilikatika tangu ile siku ya winga, na meniska, ile mito ya katikati ya mifupa, niliimaliza mwenyewe kwa kucheza juu ya goti linaloyumba. Ningesimama mapema pengine meniska ningekuwa nayo.

Kwa hiyo dada, mwambie kocha hapana. Na ukifika kwa daktari mhadithie kama ulivyotuhadithia hapa. Ile "ko", uvimbe ndani ya saa chache, kutoguswa na mtu, kushuka mawe. Usiache hata moja.

Fizio Kanda ya Ziwa

Dada, pole. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Siwezi kukupima kwa maandishi, lakini maelezo yako ni mazito na yanastahili kujibiwa kwa kirefu.

Eksirei inaonyesha mfupa. Mishipa inayofunga mfupa wa paja na wa chini, yaani ligamenti, haionekani humo. Kwa hiyo "eksirei safi" maana yake hujavunjika, basi. Haimaanishi goti ni zima, na aliyekuambia umeteguka tu alikimbilia jibu. Wakati mwingine kunaonekana kipande kidogo cha mfupa kilichong'oka pembeni mwa goti kwa nje, na hicho humshtua daktari kwamba ACL imekatika, lakini wengi wenye ACL iliyokatika hawana kipande hicho.

Goti lina ligamenti nne kubwa. Mbili ziko pembeni, ndani na nje, mbili zinapishana katikati kama mkasi. ACL ni ile ya mbele katika hizo za katikati. Kazi yake ni kuuzuia mfupa wa chini usiteleze kwenda mbele na usijizungushe kupita kiasi. Ndiyo maana tambarare unatembea vizuri, na kwenye jiwe, ukijigeuza, linachomoka. Hilo halipingani na eksirei yako hata kidogo.

Uvimbe nao una saa zake. Goti likijaa ndani ya saa mbili tatu, mara nyingi ni damu, na kwa mtu aliyejipinda akasikia mlio, ACL ndiyo ya kwanza kushukiwa. Likijaa taratibu mpaka kesho yake, tunafikiria zaidi meniska. Wewe ulijaa kati ya alasiri na isha. Hili ni jambo la kumwambia daktari hata asipouliza.

Sasa kipimo. Kilicho muhimu zaidi ni mikono ya mtu anayejua, na hakihitaji umeme. Unalala chali, goti linakunjwa kidogo tu, nyuzi 20 hadi 30, mpimaji anashika paja kwa mkono mmoja na kwa mwingine anauvuta mguu wa chini kuja mbele. Kinaitwa Lachman. Anasikiliza mambo mawili: mfupa umesogea kiasi gani, na mwishoni kuna kikomo kigumu au unaendelea tu kama kitu laini. Ni lazima aanze na mguu mzima, maana kuna watu wamezaliwa na viungo vilivyolegea. Kisha atapima ligamenti za pembeni kwa kulisukuma goti kulia na kushoto, na atabonyeza mstari wa maungio kutafuta meniska. Asipougusa mguu mzima, mwombe kwa heshima aulinganishe. Huo si ujuaji, ni haki yako.

Na hapa ndipo wengi wanapotea. Siku ya kwanza na ya pili goti limejaa, misuli ya nyuma ya paja imekaza kwa woga, ukivuta halisogei, unaandika "imara" kumbe siyo. Ndiyo maana mgonjwa wa goti lililojaa anatakiwa arudi baada ya siku 10 hadi 14 apimwe upya. Hilo la kurudi ndilo ulilokosa. Wewe sasa uko wiki ya tano, uvimbe umeshuka, ni wakati mzuri wa kupimwa. Ukilala pale legeza paja, pumua.

MRI: usikimbilie peke yako ukalipa laki zako kabla ya kushikwa. Daktari wa mifupa akishakupima ndipo iwe na swali la kujibu: ni ACL kweli, na je, meniska imeguswa? Kwa mtu wa michezo ya kuruka na kugeuka kama wewe, mara nyingi inalipa, kwa sababu meniska iliyochanika inaweza kubadilisha uamuzi wote wa matibabu.

Usisubiri miadi, nenda siku hiyohiyo, ikiwa goti litaloki lisinyooke, au mguu ukawa wa baridi au wa ganzi, au kigimbi kikavimba na kuuma, au ukapata homa na goti likawa la moto.

Mzee wa Magu

Binti yangu, pole na mtoto. Sisi huku zamani goti likiteguka lilikuwa linarudishwa na wazee, na watu walilima mpaka wakazeeka. Mama yangu mzazi alikuwa akichua na nimeona kwa macho yangu watu wakiinuka. Usidharau mikono hiyo. Tafuta mchuaji mzuri zaidi.

Fizio Kanda ya Ziwa

Shikamoo mzee. Siwadharau, na misuli iliyokaza huwa wanailegeza kweli. Lakini ligamenti iliyokatika haipo nje ya mahali pake kwamba irudishwe, ni kamba iliyokatika ndani. Na goti lenye damu mbichi ukilikanda kwa maji ya moto kwa nguvu, linajaa tena, kama lilivyomjaa yeye usiku ule. Kwa goti hili naomba lisichuliwe mpaka ajue lina nini.

Nesi wa Nyegezi

Nyongeza ndogo ya njia ya kupita, maana watu wanachoka hapa. Anza na kituo chako, omba barua ya rufaa yenye maneno "goti linaachia baada ya kujipinda" yameandikwa, siyo "maumivu ya goti". Ukitoka hapo ni Sekou Toure, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na juu yake Bugando kwa kanda nzima. Uliza siku ya kliniki ya mifupa kabla ya kupanda kile kilima. Beba filamu yako ya eksirei, usipigwe mara mbili bure. Vaa kaptula ndani ya kitenge, utapimika kwa urahisi.

Binti wa Mwaloni

Jamani wabeja sana. Zimepita wiki tatu, nimerudi kuwapa majibu kama nilivyoahidi kwa waliokuja pembeni.

Niliandika kila kitu kwenye karatasi ya daftari la mauzo: mlio, saa kumi na isha, kutoguswa, jiwe. Daktari wa mifupa aliisoma yote, akaniambia nilale. Akaanza na mguu mzima. Alipouvuta nilisikia mwenyewe kikomo, "tap", kama kamba ya mtumbwi ikikazwa kwenye kigingi. Akaja wa kushoto. Akavuta, ukaja, ukaendelea kuja, hakuna mahali ulipogota. Akarudia mara mbili, akaniuliza, "Umeisikia tofauti?" Niliisikia. Machozi yalinitoka, na kusema kweli nusu ilikuwa nafuu. Wiki nane nimeambiwa naigiza, na kile kitu kilikuwepo, kinashikika kwa mkono.

MRI ikaja kusema hivyohivyo: ACL imekatika yote, meniska ya ndani imechanika kidogo pembeni, ligamenti za pembeni nzima. Amesema tusikimbilie kisu. Nianze mazoezi miezi mitatu, kisha tuone kama goti bado linaniachia. Upasuaji ukihitajika nitarudi netiboli si chini ya miezi tisa baadaye. Kocha nimemwonyesha karatasi, amenyamaza, halafu amesema nije niwafundishe wadogo nikiwa nimekaa.

Fizio, nina maswali mawili. Kweli mtu anaweza kuishi bila kupasuliwa, au wananifariji? Na mazoezi ya paja niyafanye lini, mimi nasimama Mwaloni tangu saa kumi na moja alfajiri?

Fizio Kanda ya Ziwa

Nimefurahi sana kwa kupata jibu, dada.

Hawakufariji. Mwaka 2010 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya vijana 121 wa michezo, si wa kulipwa, waliokatika ACL. Nusu walipasuliwa mapema, nusu walianza na mazoezi na kupasuliwa baadaye ikibidi. Baada ya miaka miwili hali za magoti ya makundi yote mawili hazikutofautiana, na zaidi ya nusu ya lile kundi la pili walikuwa hawajahitaji kisu. Lakini nisikufiche: C wa netiboli anageuka na kutua mchezo mzima, na wanaotaka kurudi kwenye michezo ya namna hiyo ndio wengi wao huishia kupasuliwa. Hata hivyo paja lenye nguvu utalihitaji kwa njia zote mbili, kwa hiyo hakuna siku unayopoteza.

Mazoezi yafanye kabla ya kwenda sokoni na jioni ukishaosha miguu. Kwa kuanzia kaa na mguu umenyooshwa, kitenge kilichokunjwa chini ya goti, kandamiza kitenge kwa goti hadi paja likaze, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi, pumzika, rudia mara tatu. Likivimba jioni, kesho punguza. Na mtoto abebwe na mwingine kwenye mawe kwa sasa.

Binti wa Mwaloni

Anabebwa na mdogo wangu. Mimi nashuka nyuma yao nimeshika ukuta.