MJADALA: Taka zinazomwagwa usiku kisiwani, tumfunge dereva au tumfuate mwenye taka?

Wanajamvi, salaam. Kisiwa kinaishi kwa utalii na ufukwe ndio mtaji wake. Lakini ukipita nyuma ya vilima, au ukishuka kwenye mashimo ya machimbo yaliyoachwa, unakuta magodoro, vifusi, friji mbovu na mifuko myeusi iliyomwagwa usiku. Dawa inayotajwa na wengi ni ileile: kamera, doria, faini nzito, gari likamatwe na dereva alale ndani. Mimi siafiki. Anayetupa simtetei, ila anayekamatwa mara nyingi siye mwenye taka.

Niliwahi kushiriki kusafisha jalala la namna hiyo. Mfuko mmoja ulichanika kwenye meno ya reki, tukaona vilivyomo: vichupa vya shampuu vilivyotumika nusu, ndala nyeupe za chumbani za kuvaliwa siku moja, na vikaratasi vya oda za jikoni vilivyolowa mafuta, namba za meza bado zinasomeka. Hakuna kaya inayotoa taka kama hizo. Zilitoka kwenye jengo la wageni, zikachukuliwa na mtu wa kirikuu aliyekubali bei ndogo.

Hiyo bei ndogo ndiyo mzizi wa jambo lenyewe. Kisiwani ardhi ni finyu, dampo halali liko mbali au limejaa, na chupa na vyuma haviwezi kurejelezwa mpaka vipakiwe melini. Mwenye kibali analipa mafuta, vibarua na ada ya dampo. Asiye na kibali analipa mafuta tu, kwa hiyo akitoza nusu bado anabaki na faida. Mwenye hoteli akiipokea nusu hiyo bila kuuliza mzigo unakwenda wapi, kosa limeanzia mlangoni kwake, kabla gari halijawashwa.

Na madhara hayaishii machoni. Visiwa vingi vya mawe ya chokaa na matumbawe hutegemea maji baridi yanayoelea chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi. Mwamba wenyewe una vitundu. Mvua ikinyesha juu ya jalala, ule uchafu mweusi unashuka moja kwa moja kuelekea visimani, na kisima kikishaharibika hakuna doria itakayokisafisha.

Kwa hiyo napendekeza kila mzigo uwe na hati: nani katoa, kilo ngapi, nani kabeba, nani kapokea. Nakala irudi hotelini ikiwa na mhuri wa dampo, na bila nakala hizo leseni isihuishwe. Hoteli ya vyumba 80 iliyojaa msimu mzima ikileta hati za mzigo wa wiki moja, mkaguzi ana swali la kuuliza akiwa amekaa mezani mchana kweupe. Si jambo geni. England tangu 2019 hata mwenye nyumba wa kawaida anaweza kupigwa faini kwa kumkabidhi taka mbebaji asiye na kibali.

Kuna wanaosema nyumba ndogo za wageni zitaumia. Hapo nakubali kabisa, na hati peke yake itakuwa uonevu. Lazima pawe na vituo vya kupokelea taka karibu na watu, bure kwa kaya na kwa bei nafuu kwa wafanyabiashara wadogo. Fedha? Mgeni achangie. Maldives inawatoza wageni kodi ya kijani, yaani ya mazingira, tangu 2015, na Bali tangu Februari 2024 inamtoza kila mtalii wa kigeni rupia 150,000 za Indonesia. Sharti langu ni moja: fedha hiyo iwe na akaunti yake na matumizi yabandikwe hadharani, la sivyo itamezwa na mishahara na semina.

Wengine wanataka kisiwa kifungwe kama Boracay, ambako Ufilipino ilizuia watalii kwa miezi sita kuanzia 26 Aprili 2018, hasa kwa sababu ya maji machafu yaliyokuwa yakielekezwa baharini. Bahari ilipumzika, ni kweli. Lakini mwenye boti, mpishi na mfua mashuka walikosa kipato kwa kosa ambalo wengi wao hawakulitenda. Kama hatua ya dharura naielewa. Kama utaratibu wa kila miaka michache, hapana.

Doria zibaki, sizikatai. Vifusi vya ujenzi hasa vinahitaji macho barabarani. Ila mnaoweka matumaini yote kwenye kamera, nijibuni hili: picha imetoka safi, namba ya kirikuu inasomeka, dereva kalipa faini. Mfuko ule wa ndala nyeupe na vichupa vya shampuu mtaurudisha kwa nani, na kesho yake mifuko mingine kama huo itabebwa na nani?