Nimeongeza milioni 2 kwenye mkopo, mbona deni halikushuka milioni 2?

Chaki Mkononi: Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa sekondari. Nina mkopo wa mshahara wa milioni 10, riba asilimia 15 kwa mwaka, miaka 5. Nakatwa 237,899 kila mwezi. Nimeshakatwa miezi 12, jumla 2,854,788, lakini taarifa ya mkopo ikaonyesha bado nadaiwa 8,548,078! Sikulala siku hiyo. Nikauza mpunga, siku 20 baada ya makato nikaenda kulipa milioni 2 taslimu. Deni likawa 6,618,336. Yaani shilingi 70,258 sizioni zilikokwenda. Dirishani nimejibiwa tu "ni riba". Nimeibiwa? Na kuna faida kuendelea kupeleka hela za mavuno huko?

Daftari la Hesabu: Pole mwalimu, hujaibiwa. Mkopo wako unatozwa riba kwenye salio linalopungua, yaani kwa deni lililobaki tu, na inahesabiwa kila siku. Chukua 8,548,078, piga asilimia 15, gawa kwa 365, zidisha kwa 20. Unapata 70,258 ile ile. Hela ikiingia, inafuta kwanza riba iliyokwishajikusanya, kinachobaki ndicho kinapunguza deni la msingi, yaani mkopo wenyewe bila riba. Wala haijapotea, maana makato yajayo yatakuta riba ya siku 10 tu, kama 27,200, wakati ulizoea riba ya zaidi ya laki moja.

Mwaka wa kwanza ndio unaoumiza watu wengi. Mwezi wa kwanza kabisa, riba ilikuwa 125,000 na deni la msingi likaambulia 112,899. Deni kubwa, riba kubwa.

Mama Alizeti: Mwanangu, hakikisha hela yako imepunguza deni kweli. Mimi niliwahi kupeleka milioni moja na nusu, wakaiacha kwenye akaunti ikawa inalipa makato ya miezi iliyofuata. Riba ikaendelea vile vile. Niligundua baada ya miezi minne, na iliniuma sana. Sasa hivi naandika barua: "fedha hizi zipunguze deni la msingi", nabaki na nakala yenye muhuri.

Daftari la Hesabu: Mama amegusa penyewe. Kwa mwalimu imepunguza, salio linaonyesha. Lakini uliza na hili: wamepunguza muda au wamepunguza makato? Ukiendelea kukatwa 237,899, miezi 48 iliyobaki inakuwa kama 34, na unaokoa riba ya karibu milioni 1.3. Wakishusha makato yawe kama 182,700 na muda ubaki ule ule, unaokoa kama laki 6 na 50 tu. Kama mshahara unakutosha, chagua muda. Na usome mkataba uone kama kuna tozo ya kulipa kabla ya wakati.

Mkulima wa Majani Chai: Niko Kenya. Sacco nyingi huku hutoza asilimia 1 kwa mwezi kwa salio linalopungua, kwa hivyo kuongeza malipo husaidia sana. Shida ni ile mikopo ambayo riba hupigwa kwa kiasi chote cha mwanzo. Milioni 10 kwa asilimia 15, miaka 5, riba ni milioni 7.5 tangu siku ya kusaini. Hapo ukilipa mapema hupati nafuu, isipokuwa mkataba useme utapunguziwa.

Chaki Mkononi: Mungu awabariki. Kesho nikitoka kipindi cha tatu naenda na barua, nataka wapunguze muda. Mpunga uliobaki ghalani utanipa kama milioni nyingine. Nisubiri siku ya makato ili yote iende kwenye deni la msingi?

Daftari la Hesabu: Usisubiri. Riba ya siku zilizopita utailipa tu, leo au siku ya makato. Ila kila siku hiyo milioni inapokaa nyumbani, unaongezewa riba ya shilingi 411.