MJADALA: Daktari ana jina kwenye jiwe la kaburi. Wabeba machela wetu je?

Wadau, nalileta hili mbele yenu kwa sababu limenikaa moyoni muda mrefu.

Brandhoek, Ubelgiji, amezikwa Kapteni Noel Chavasse, daktari wa jeshi la Uingereza. Jiwe lake limechongwa Victoria Cross mbili, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza. Katika Vita Kuu ya Kwanza hakuna mwingine aliyeipata nishani hiyo mara mbili. Mwishoni mwa Julai 1917, karibu na Ypres, alijeruhiwa kichwani akakataa kuondoka. Akaendelea kuwafunga majeruhi vidonda ndani ya handaki walilowanyang'anya Wajerumani, na usiku akitoka kuwatafuta waliobaki matopeni. Kombora likaingia humo humo. Alifariki Agosti 4, akiwa na miaka 32.

Lakini mimi kilichonishika ni cha mwaka uliotangulia, kule Guillemont, Ufaransa. Usiku ule alikwenda na watu ishirini waliojitolea, wakawatoa majeruhi watatu kwenye shimo lililokuwa hatua chache tu kutoka kwa adui. Kabla ya kurudi alikusanya visahani vya utambulisho, vile askari wanavyovaa shingoni. Daktari mzima, risasi zinapita, anainama kwa maiti mmoja mmoja asipotee bila jina.

Sasa njooni Dar es Salaam. Pale Sanamu ya Askari, iliyosimamishwa 1927 kuwakumbuka Waafrika waliotumika upande wa Waingereza katika vita hiyo hiyo hapa Afrika Mashariki, soma maandishi ya Kiswahili. Wapagazi wanatajwa kuwa miguu na mikono ya jeshi, na msomaji anaahidiwa kwamba akiipigania nchi yake hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake. Zunguka sanamu yote. Hakuna jina hata moja.

Hao wapagazi ndio waliobeba chakula, risasi, dawa, na machela za majeruhi. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria na nimonia, na unga wa mahindi usioiva uliowaharibu matumbo watu ambao kwao hawakuuzoea. Wanahistoria wengi wanakadiria waliokufa upande wa Waingereza kuwa zaidi ya 90,000.

Tume inayotunza kaburi la Chavasse iliundwa Mei 1917 kwa msingi kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, bila kujali cheo wala rangi. Mwaka 2021 tume hiyo hiyo ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Najua hoja zitakazokuja. Ya kwanza, kwamba Chavasse hatuhusu. Sikubali. Aliyekufa akitibu watu aheshimiwe, awe wa kwetu au wa wengine, na kumshusha yeye hakumpandishi mpagazi.

Ya pili ni nzito, na nimebishana nayo mwenyewe: wapagazi wengi walikamatwa kwa nguvu, vita haikuwa yao, kwa hiyo kuwaandika ni kuipamba vita ya wakoloni. Lakini mtu aliyetolewa shambani kwake kwa kamba, akafia njiani akiwa na mzigo wa mwingine kichwani, tukimwacha bila jina tunamsaidia nani? Ni yule aliyemkamata. Ubao useme wazi kwamba alilazimishwa. Uandike na jina lake.

Ya tatu, kwamba majina yamepotea. Mengi, ndiyo. Si yote. Cape Town Januari 2025 walizindua ukumbusho wa wafanyakazi weusi zaidi ya 1,700 waliokufa katika vita hiyo: nguzo za mvule, kila nguzo na jina la mtu na tarehe aliyokufa. Mvule tunao hapa.

Pendekezo langu ni nguzo kama hizo zisimamishwe Mnazi Mmoja, ubavuni mwa Kariakoo, mtaa uliopata jina lake kutokana na kambi ya wapagazi hao, Carrier Corps, midomo ya wenyeji ikalifanya Kariakoo. Wapo waliozaliwa pale wasiolijua hilo.

Wenye kupinga wapinge, nitasoma kila neno. Ila kama ukoo wenu bado unamtaja babu aliyechukuliwa kubeba mizigo ya vita ile asirudi, andikeni hapa jina lake, na kijiji alichotoka.